Nyumbani kwa Ojwang' hakuna aliyecheka lafudhi

Kuna kitu ambacho sijakiona hata mara moja kwenye klipu zote za Vitimbi nilizopitia YouTube: mtu ndani ya ile nyumba akimcheka Mzee Ojwang' kwa jinsi anavyoongea. Mama Kayai anamgombeza, tena bila kupumua. Wageni wanamzunguka na kumdanganya. Anaaibishwa, anakimbizwa, anashikwa na uongo mkononi. Lakini "silingi" yake inapita sebuleni kama shilingi ya mtu mwingine yeyote. Hakuna anayemrekebisha. Hakuna anayegeukia kamera kutukonyezea.

Naanza hapo kwa sababu naona tumekubaliana kumkumbuka huyu mzee kwa kitu kidogo kuliko alichofanya. Ukimtaja leo kwa kijana wa rika langu, stori inayokuja kwanza ni ile ya "si unajua alikuwa Mkikuyu?" Basi. Mkikuyu aliyeongea kama Mjaluo, ajabu, tunaendelea na maisha. Ni kweli, na ni ajabu. Ila kama kazi yake yote ingekuwa kuiga lafudhi, tungemchoka mwaka wa kwanza. Watu walimtazama zaidi ya miaka 30.

Jina lake lilikuwa Benson Wanjau. Alianza kuonekana stesheni ikiitwa VOK na akaendelea ilipogeuka KBC mwaka 1989. Vitimbi ndiyo iliyomfanya awe wa kila nyumba, lakini alikuwa pia kwenye Vioja Mahakamani, Vituko, Kinyonga na Darubini. Suruali pana iliyoninginia kwenye suspenda, kofia, na ile sauti. Mary Khavere, yaani Mama Kayai, alikuwa mke wake wa runinga, na wengi walidhani ni mke wake wa kweli. Alifariki Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akiwa na miaka 78, na siku zile za maombolezo ndipo Wakenya wengi waliposikia jina Wanjau kwa mara ya kwanza na kushtuka.

Kushtuka kwao ndiko sifa kubwa zaidi ambayo mwigizaji anaweza kupewa, na hatujaitafakari vya kutosha.

Fikiria kazi yenyewe. Kijaluo hakina "sh" wala "z", kwa hivyo mtu anayekitoa huko Kiswahili chake kinaegemea "s". Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Mtoto yeyote wa darasa la tano anaweza kuiga na darasa likaanguka kwa kicheko. Sehemu ngumu iko upande wa pili. Kikuyu kina "r" na hakina "l", ndiyo maana mtu wa Kati akishrabu tunasikia "r" na "l" zikibadilishana viti. Kijaluo kina zote mbili. Kwa hivyo Wanjau hakuwa na kazi ya kuongeza lafudhi moja tu. Kila "l" iliyokaa mahali pake ilikuwa ya kuchungwa, isije ikaleta nyumbani kwake alikozaliwa. Alikuwa anavaa shati huku anavua jingine, mbele ya taifa zima, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyeona mkono ukitoka kwenye mkono wa shati. Kuongeza ni rahisi, kila mchekeshaji wa harusi anaongeza. Kupunguza ndiyo kazi.

Sasa, kuna swali ambalo mtu mzima lazima aulize. Je, hii haikuwa dharau? Mtu wa kabila moja anavaa kabila la mwenzake, kwenye stesheni ya serikali, miaka ambayo Wajaluo wengi walijiona wamefungiwa nje ya ile serikali, na anawafanya wachekwe kila wiki. Ukiiandika hivyo kwenye karatasi inanuka. Na sitasema "enzi zile zilikuwa tofauti", kwa sababu hilo jibu huwa halijibu kitu.

Jibu langu liko kwenye sebule ile. Vitimbi inamcheka Ojwang' kwa kiburi chake. Inamcheka kwa kutaka kuwa bwana wa nyumba ambayo kila mtu anajua bwana wake ni Mama Kayai. Kwa kuongea kwa sauti kubwa pale ambapo hana hoja. Hayo si ya Kisumu. Babu yangu wa Runyenjes alikuwa hivyo hivyo, na hajawahi kuvuka Nakuru. Lafudhi ndiyo mlango wa kuingilia kwa Ojwang', na ukishaingia unamkuta mtu mzima ana deni, ana mke, ana aibu, na ana njama ambayo haitafaulu. Ukimtoa ile lafudhi, hadithi bado inasimama. Huo ndio mtihani wangu wa komedi yoyote ya kabila: ondoa aksenti, uone kama kuna kilichobaki.

Lakini nisiifanye KBC kuwa shule ya maadili. Geukia Vioja Mahakamani, kipindi ndugu, chenye wachekeshaji wale wale. Angalia nani anakaa wapi. Hakimu yuko juu, anaongea Kiswahili kilichonyooka. Gibson Gathu, kiongozi wa mashtaka kwa miaka mingi mpaka alipofariki mwaka 2021, anasimama pale na Kiswahili safi kabisa. Halafu teremsha macho hadi kizimbani. Hapo ndipo lafudhi zote za Kenya zinapoishi: Makokha, Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti, Olexander, kila mmoja na kona yake ya nchi mdomoni. Wao ndio wameiba, wamelewa, wamepigana, wamedanganya mbele ya sheria.

Nilipenda Vioja, bado naipenda. Wale jamaa wa kizimbani ndio walikuwa na akili, na mara nyingi walimfunga kiongozi wa mashtaka kwa maneno yake mwenyewe. Lakini ile ramani ilituingia. Sanifu iko kitini, lafudhi iko kizimbani. Mwenye madaraka haskiki anatoka wapi. Mshtakiwa anasikika kabla hajataja jina. Tumekua na hiyo picha kichwani, na nadhani ndiyo komedi nyingi ya Kenya imekuwa ikibishana nayo tangu hapo.

Redykyulass walibishana nayo wazi wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, watatu kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta, walifanya kitu ambacho Vioja isingethubutu: walimpa lafudhi mwenye kiti. Mong'are, yaani Nyambane, alimwigiza Rais Moi, Moi akiwa bado Ikulu. Ghafla aliye juu naye alikuwa na kijiji. Kicheko kilikuwa kikubwa kwa sababu kilikuwa na hatari ndani yake, na kwa sababu aliyechekwa angeweza kukufunga. Kumwiga soja wa lango na kumwiga rais ni kazi mbili tofauti, hata kama ulimi unafanya mazoezi yale yale.

Kisha ikaja enzi ya stendapu, na hapa lazima tuongee ukweli. Daniel Ndambuki alitujengea jukwaa. Churchill Live ilipoanza NTV, halafu ikawa Churchill Show, vijana ambao hawakuwa na mjomba wala shangazi kwenye runinga walipata mahali pa kusimama, na nusu ya wachekeshaji unaowafahamu leo wasingekuwepo bila yeye. Yeye mwenyewe alikuwa ameshathibitisha nguvu ya lafudhi redioni, kama Mwalimu King'ang'i asubuhi za Classic 105 pamoja na Maina Kageni. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na njia ya mkato iliyozaliwa pale. Mchekeshaji anapanda, anataja kabila lake, anatoa sentensi moja ya aksenti, na ukumbi umeshacheka kabla utani haujafika. Kicheko kinatangulia, utani unakuja baadaye ukihema. Wakati mwingine hauji.

Kule ni kurudi kizimbani, tofauti ni kwamba safari hii hakimu ni sisi tuliolipa kiingilio.

Na kama wewe ni wa upande wetu wa mlima, unajua nafasi yako kizimbani ni ipi. Mmeru wa komedi ana vitu viwili: shavu lililojaa miraa na hasira. Anaulizwa saa, anatafuta panga. Sauti inapanda mwisho wa sentensi, "d" haiendi popote bila "n" kuitangulia, na mwishowe kuna mtu amekatwa. Ndio mhusika mzima. Hana mke kama Mama Kayai wa kumtuliza, hana deni, hana mpango wa kipumbavu wa kupata pesa. Hana hata kijiji.

Ni uvivu, na uvivu wake unaonekana kwa mtu yeyote aliyewahi kusafiri ile barabara. Panda matatu Embu mjini asubuhi. Pita Runyenjes, vuka Thuchi uingie Tharaka-Nithi, Chuka, halafu Nkubu, mpaka Meru mjini. Ni safari ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana, na mazungumzo ya viti vya nyuma yatakuwa yamebadilika mara tatu au nne. Mtu wa Chuka hasikiki kama mtu wa Imenti. Mtu wa Imenti akienda Maua kwa Waigembe anaambiwa anaongea kama mgeni. Hata majani hayafanani: miraa ni ya Igembe na Tigania, huku Embu upande wa Mbeere ni muguka, na ukiyachanganya mbele ya mkulima utajua hujui. Imenti wengi maisha yao ni chai, kahawa, ndizi na maziwa. Lakini mpaka skiti ifike Nairobi, kilomita zote hizo zimekunjwa zikawa mtu mmoja mwenye shavu lililovimba.

Nina sababu ya kulichukulia hili moyoni. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilijaribu kazi ya sauti, matangazo ya redio. Studio moja Nairobi ilinipa tangazo la mikopo, na baada ya sentensi mbili nikaambiwa, "Punguza Umeru." Mimi ni Muembu, mama yangu ndiye wa Chuka, lakini hapo si mahali pa kufundisha jiografia. Hiyo kazi sikuipata. Wiki iliyofuata wakanipigia tena. Sasa lilikuwa tangazo la dawa ya kupe. "Hii sasa ongeza Umeru," jamaa akasema, "halafu kasirika kidogo." Mkopo unahitaji mtu asiyetoka popote. Kupe wanahitaji mimi. Sijui kama yule jamaa alikua akitazama Vioja, lakini ramani aliijua kwa moyo.

Ndiyo maana MC Jessy ananivutia kama kisa. Jasper Muthomi ni wa Imenti Kusini, na alipopata umaarufu Churchill Show hakuwa mtu wa mbali anayevaa Umeru kama koti la kukodi. Alikuwa nao wake. Kuna tofauti unayoisikia mtu anapotania nyumbani kwao: anajua jina la soko, anajua mama mkwe anakaa upande gani wa moto, anajua ni nini watu wake wenyewe hucheka wakiwa peke yao. Siku zake nzuri, Meru yake ilikuwa na watu ndani. Siku zake za haraka, alichukua mkato kama wengine, na mkato ulimlipa vizuri zaidi, kwa sababu ukumbi wa Nairobi ulikuwa umeshazoea.

Mwaka 2022 aligombea ubunge wa Imenti Kusini. Hakushinda. Siasa zina sababu elfu, za vyama na za pesa, na sitazipunguza ziwe moja. Lakini hebu fikiria ugumu wa ile safari: umetumia miaka ukifundisha nchi kucheka kila unapofungua mdomo, kisha unafungua mdomo ule ule kuongea barabara na bei ya majani chai. Kuna waliofaulu. John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa Dagoretti Kusini mwaka 2017 na tena 2022. Felix Odiwuor, Jalang'o, alichukua Lang'ata mwaka huo huo wa 2022. Wote wawili wamefaulu Nairobi, ambako mchekeshaji anahesabiwa kuwa mtu maarufu. Kijijini anahesabiwa kuwa mtoto wa fulani, na watu wanataka kujua amewafanya waonekane vipi huko nje.

Aliyeelewa somo la Ojwang' vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Charles Bukeko. Papa Shirandula ilipoanza Citizen mwaka 2007, ungeweza kuisoma kama orodha nyingine ya makabila: Mluhya hapa, Mjaluo pale, Mkikuyu mjanja pembeni. Lakini chini ya hayo yote kuna jambo moja chungu. Papa ni soja wa lango na mkewe Wilbroda hajui. Anatoka nyumbani kama mtu wa ofisi, amevaa suti, akifika kazini anabadilisha anavaa sare. Hicho kitendo cha kubadilisha nguo ndicho kipindi kizima. Kila mtu aliyehamia Nairobi na kuwaambia wa nyumbani kazi yake ni bora kuliko ilivyo anakifahamu, awe wa Busia au wa Nkubu. Ondoa lafudhi ya Bukeko, ile aibu bado iko pale imesimama getini na rungu. Corona ilipomchukua Julai 18, 2020, nadhani watu walimlilia yule baba zaidi ya yule Mluhya.

Kuna sababu nyingine ya kuyaandika haya sasa, na ni ya kumbukumbu. Mwingereza Rowan Atkinson alitengeneza Mr. Bean kati ya mwaka 1990 na 1995, vipindi 15 tu. Kumi na tano. Nimeviona vyote ndani ya mabasi, wengine wenu pia, na tunaweza kuvitaja kimoja kimoja: wa mtihani, wa bwawa la kuogelea, wa bata mzinga kichwani. Bean alisafiri dunia nzima kwa sababu karibu haongei; hana lafudhi ya kumzuia mpakani. Ojwang' alikuwa sauti tupu, kwa hivyo alikuwa wetu peke yetu, na kama sisi hatukumtunza hakuna mwingine atakayemtunza. Miaka zaidi ya 30 ya kazi yake tunaitazama leo kwa vipande, picha imefifia, sauti inakwama. Huwezi kusema "kipindi kile" mwenzako akajua ni kipi.

Na yeye mwenyewe hakutunzwa. Miaka michache kabla hajafa habari zilitoka kwamba macho yanamsumbua na hana uwezo wa matibabu, na wananchi wakachanga. Tulichanga kwa upendo, sawa. Lakini mtu aliyechekesha nchi kwenye stesheni ya taifa miaka yote hiyo hakupaswa kungoja harambee ili aone. Rambirambi za wanasiasa zilipokuja mwaka 2015 zilikuwa ndefu. Zilisema aliunganisha makabila.

Hilo la kuunganisha naliogopa. Ojwang' alikuwa mzee maarufu nchi hii ilipochomeka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Kuna vizuizi vya barabarani ambapo jina lako, au jinsi ulivyotamka neno moja, viliamua kama utafika nyumbani. Mkikuyu anayeongea kama Mjaluo alikuwa amekaa kwenye sebule zetu kwa zaidi ya miaka 20 wakati huo, na hakuzuia hata jiwe moja. Komedi haina hiyo kazi, na kumpa marehemu sifa hiyo ni namna ya kukwepa kumlipa sifa yake halisi.

Sifa yake halisi ni ya fundi. Alituonyesha kwamba lafudhi inaweza kuvaliwa na mtu ambaye si yake, na bado mwenye lafudhi akabaki na heshima ya kuwa mtu kamili, mjinga kwa sababu zake mwenyewe. Ilihitaji sikio, nidhamu, na waandishi waliompa Ojwang' nyumba ya kuishi badala ya dakika tano za kuchekwa. Nyani haoni kundule: kila Mkenya anadhani lafudhi ni ya wengine. Nyumba ile ilikuwa imekubali kwamba kila mtu anayo, na ikaendelea na mambo muhimu, kama nani amekula pesa ya kodi.

Kwa hivyo nikisikia kuna kipindi kipya kina "Mmeru mcheshi", swali langu ni moja. Ana mke? Ana deni kwa nani? Anamwogopa nani akifika nyumbani jioni? Mkinijibu hayo, mpeni lafudhi yoyote mnayotaka, hata mwigizaji awe wa Lamu. Mkishindwa, basi huyo bado yuko kizimbani, na mimi ile kesi nimeshaisikia.